Golgi si posta tu: GOLPH3, protini inayovuta utando, na jinsi saratani inavyoitumia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya maabara mwaka wa pili, Mbeya. Darasani tumefundishwa kuwa Golgi ni posta ya seli, inafungasha protini na kuzipeleka zinakotakiwa. Sasa nimesoma kuwa kuna protini ya Golgi inaitwa GOLPH3 na kwamba inaleta saratani. Posta inaletaje saratani? Nauliza pia kwa sababu mama mdogo amegundulika na saratani ya titi na ameanza kuwekewa ile dripu nyekundu. Je, kuna kipimo cha GOLPH3 anachoweza kufanyiwa? Kuna dawa yake? Jirani anamwambia afunge, eti seli za saratani zikikosa chakula Golgi yake inazimika.

JIBU: Marahaba mwanangu, na umfikishie mama mdogo pole zangu. Nianze na yanayomhusu yeye, maana mgonjwa hasubiri somo liishe. Kipimo cha GOLPH3 cha kumwongoza daktari kuchagua matibabu hakipo. Dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya kuilenga protini hiyo nayo haipo. Kufunga, asifunge kwa sababu ya Golgi. Nitakueleza hapo mbele maneno ya jirani yametokana na nini, kwa sababu hayakuzuka hewani. Dripu nyekundu aendelee nayo kama alivyopangiwa. Tena dawa hiyo hiyo ndiyo itakayotusaidia kujibu swali lako la posta.

Hiyo posta hata mimi nimeifundisha miaka mingi, na siku hizi najuta kidogo. Kifurushi cha posta huingia kimefungwa na kutoka kimefungwa vilevile, karani anagonga muhuri tu. Golgi haifanyi hivyo. Mzigo unaofika humo hufunguliwa, hukatwa, huongezwa hiki na kupunguzwa kile.

Wewe ni mtu wa maabara, basi chukua kazi unayoifanya kila siku: kupima makundi ya damu. Mtu wa kundi A na mtu wa kundi B wametofautiana kwa sukari moja tu, ile ya mwisho kwenye mnyororo wa sukari uliosimama juu ya seli nyekundu. Wa A ana N-asetiligalaktosamini, wa B ana galaktosi, na wa O hana hiyo ya mwisho. Kimeng'enya kinachoibandika sukari hiyo hukaa ndani ya Golgi, na hufanya kazi yake wakati seli bado changa, iko ndani ya uboho. Seli nyekundu ikikomaa hupoteza kiini na Golgi pia. Kwa hiyo damu inaposhikana madonge kwenye kigae chako baada ya kudondoshea anti-A, unatazama kazi ya mikono ya Golgi ambayo yenyewe imeshatoweka.

Muitaliano Camillo Golgi aliitangaza mwaka 1898 akiwa Pavia. Aliiona kwenye seli za ubongo wa bundi, ndege ambaye kwetu akilia juu ya paa watu hawalali, kwa kuzitia madini ya fedha mpaka kukatokea wavu mweusi. Miaka zaidi ya 50 wenzake walibishana kama wavu huo upo kweli au ni takataka za rangi. Hadubini za elektroni ndizo zilizomaliza ubishi, katika miaka ya 1950. Zilionyesha vifuko bapa vilivyolaliana, chapati juu ya chapati kwenye hotipoti. Katika seli zetu wanadamu mafungu hayo ya chapati huungana yakafanya utepe mrefu, umejikunja kando ya kiini.

Ishike vizuri picha ya chapati, kwa sababu GOLPH3 tutaielewa jikoni.

Protini hii iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watu waliokuwa wakisaga maini ya panya, wakiitenga Golgi na kuorodhesha kila protini iliyomo. Ni ndogo, ina amino asidi 298. Si kimeng'enya: haikati kitu wala haiungi kitu. Kwa hiyo ilikaa kwenye orodha miaka kadhaa bila mtu kujua kazi yake. Mwaka 2009 kundi la Seth Field, Chuo Kikuu cha California, San Diego, likaonyesha kwamba kazi yake ni kushika. Ina mahali pawili pa kushikia. Upande mmoja hukamata lipidi (aina ya mafuta) iitwayo PI4P, ambayo ni nyingi kwenye utando wa Golgi, hasa mwisho wake ambako mizigo hutokea. Upande wa pili hukamata mayosini, yaani protini ya kuvuta, iitwayo MYO18A, na hiyo mayosini imeshika nyuzi za aktini, zile kamba zinazoipa seli umbo. Kwa njia hiyo utando wa Golgi unakuwa umefungwa kwenye kamba, na kamba inavuta.

Sasa fikiria unakata madonge ya chapati. Unga umekandwa uko kwenye bakuli. Unaushika kwa vidole, unauvuta, unakuwa mwembamba shingoni, unanyofoka. Golgi hutoa vifuko vyake vya kusafirishia mizigo kwa namna hiyo. Unga ni utando, mkono unaovuta ni mayosini na aktini, na vidole vilivyoubana unga ni GOLPH3. Ondoa vidole, mkono utavuta hewa.

Jambo hili walilipima kwa njia tatu. Walipunguza GOLPH3, kisha MYO18A, kisha wakaziyeyusha nyuzi za aktini kwa sumu iitwayo latrankulini. (Sumu hiyo ilitolewa kwenye sponji wa Bahari ya Shamu ambaye ukimminya hutoa majimaji mekundu yanayowakimbiza samaki.) Mara zote tatu yalitokea yale yale: Golgi, ambayo kwa kawaida imetandazwa kando ya kiini, ilijikusanya ikawa kifundo, na vifuko vinavyokwenda kwenye uso wa seli vikapungua. Ukiona umbo la Golgi limetanuka, basi ujue kuna mvuto unaoitanua muda wote.

Nikuambie pia kuwa si wote wanaokubali kwamba kuvuta ndiyo kazi kubwa ya GOLPH3. MYO18A ni mayosini ya ajabu, uwezo wake wa kuchoma ATP, nishati ya seli, na kutembea ni hafifu sana, na wapo wanaouliza itavutaje. Hao wana hoja yao nzuri, iliyoanzia kwenye hamira. Hamira ina ndugu wa GOLPH3 aitwaye Vps74, na mwaka 2008 ilionekana kwamba akikosekana, vimeng'enya vya kubandika sukari haviendelei kukaa Golgi, vinapotelea mbele. Mwaka 2021 ikathibitika kwa seli za binadamu kwamba GOLPH3 hukamata mikia mifupi ya vimeng'enya hivyo na kuvipakia kwenye vifuko vya kurudi nyuma. Ni kama karakana ambayo mkondo wa kazi unawasukuma mafundi mbele pamoja na samani, halafu yupo mtu wa kuwashika mkono na kuwarudisha kila mmoja kwenye meza yake. Bila yeye, mpiga randa atajikuta kwenye rangi.

Mimi sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Protini inayoshika utando kwa upande mmoja inaweza kushika kamba saa hii na mkia wa kimeng'enya saa nyingine. Tena ukizichukua kazi zote mbili, habari ya saratani inakaa sawa kuliko ukichukua moja.

Tuingie huko. Mwaka huo huo wa 2009 kundi la Lynda Chin, Taasisi ya Saratani ya Dana-Farber, Boston, lilikuwa likitafuta kwa nini uvimbe mwingi wa saratani huwa na nakala za ziada za kipande kimoja cha kromosomu ya 5, mkono mfupi, eneo la 5p13. Wewe na mimi tuna nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwenye saratani ya mapafu, ya ovari, ya titi, ya tezi dume na melanoma (saratani ya ngozi) walikuta uvimbe wenye nakala nyingi zaidi. Kipande hicho kina jeni kadhaa, kwa hiyo walizijaribu. Iliyoibuka ni GOLPH3: ukiizidisha, seli zinakua kuliko kawaida na uvimbe kwenye panya unakua haraka, ukiipunguza kwenye seli za saratani zenye nyingi, kasi inashuka.

Hapo kwanza turekebishe maneno uliyoyasoma. Si kwamba mtu mwenye GOLPH3 ana saratani. Sote tunayo, na bila hiyo seli zetu zingetaabika. Tatizo ni wingi. Na wingi huo hutokea ndani ya seli ya uvimbe yenyewe, wakati uvimbe unakua. Hukuurithi wewe wala hutamrithisha mwanao. Naona umeuliza kwa ajili ya mama mdogo, lakini nahisi chini yake kuna swali la kwako mwenyewe. Historia ya saratani ya titi katika ukoo ina mjadala wake, wa jeni za BRCA1 na BRCA2, na huo ulizeni hospitali. GOLPH3 haimo.

Kwa nini wingi wa vidole vya kushikia unga ulete uvimbe? Seli husikia amri za kukua kupitia vipokezi vilivyo juu ya uso wake, na vipokezi na lipidi zinazovizunguka hupambwa sukari Golgi. GOLPH3 ikizidi, baadhi ya vimeng'enya hurudishwa mezani mno, lipidi zenye sukari huongezeka usoni, na amri ya kukua inasikika kwa sauti kubwa kuliko ilivyotolewa. Amri hiyo hupita kwenye njia ya mTOR, swichi kubwa ya ukuaji. Boston waliona hilo pia: seli zenye GOLPH3 nyingi zilikuwa na mTOR iliyochangamka, na uvimbe wake kwenye panya uliitikia zaidi dawa ya rapamaisini, inayoizuia mTOR.

Kisha kuna kutembea. Jaribio lake ni rahisi, hata nyie mnaweza kulifanya mkipata chombo cha kuoteshea seli. Otesha seli mpaka zifunike chini ya sahani kama zulia. Chukua ncha ya plastiki ya pipeti, kwangua mstari mmoja katikati. Seli za ukingoni zitaanza kusogea kuziba pengo, na kabla hazijafika mbali utaona kila moja imeigeuza Golgi yake ikaelekea kwenye jeraha, ili mizigo imwagwe mbele, kule inakokwenda. GOLPH3 na mayosini yake ndizo zinazosaidia kuigeuza. Kwenye ngozi iliyokatwa na wembe huo ni uponyaji. Kwenye seli ya saratani inayotaka kuhama kutoka titi kwenda mfupa, ni ustadi ule ule umeangukia mikono mibaya.

Sasa dripu nyekundu. Kwa maelezo yako nadhani ni doksorubisini, mojawapo ya dawa za saratani ya titi zenye rangi hiyo. Dawa hii huingia kwenye kiini na kuikatakata DNA, hasa ya seli zinazogawanyika kwa kasi. Ina tabia moja ambayo imenifurahisha tangu nikiwa mwanafunzi: inang'aa yenyewe. Ukiimulika chini ya hadubini ya mwanga maalumu unaiona ni nyekundu ya machungwa, imejaa ndani ya kiini, hukuhitaji kuitia rangi. Sasa tia Golgi rangi ya kijani kwenye seli hizo hizo. Kabla ya dawa, Golgi ni utepe mmoja wa kijani umekumbatia kiini. Rudi kutazama baada ya dawa kufanya kazi. Utepe haupo. Kuna vipande vya kijani vimetapakaa seli nzima, utadhani mtu kamwaga choroko.

Dawa haikuigusa Golgi, imekaa kwenye kiini. Nani kaivuruga? Kundi lile lile la San Diego lilijibu mwaka 2014. DNA ikikatika, kimeng'enya kiitwacho DNA-PK huamka. Kazi yake inayojulikana ni kusaidia kuunga DNA, lakini kumbe hutoka na ujumbe mwingine: hubandika fosfeti kwenye GOLPH3. GOLPH3 yenye fosfeti hiyo huikamata MYO18A kwa nguvu zaidi, mvuto unaongezeka, na Golgi inavutwa mpaka inatawanyika.

Wakajiuliza kama kutawanyika huko ni madhara tu au kuna faida kwa seli. Wakaondoa GOLPH3, kisha wakaipa seli dawa: seli nyingi zaidi zikafa. Wakaizidisha GOLPH3: seli nyingi zaidi zikapona. Maana yake Golgi kutawanyika ni njia ya seli kujiokoa DNA ikiumia, na uvimbe wenye GOLPH3 nyingi unaingia vitani umeshavaa ngao. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari ya protini hii. Kabla ya hapo tulikuwa tunafundisha kwamba mambo ya DNA kuumia yanaishia ndani ya kiini.

Najua unachotaka kuuliza: basi si mama mdogo apimwe, akikutwa na nyingi abadilishiwe dawa? Taratibu. Niliyokueleza yamefanyika kwenye seli za sahani na panya. Kwa wagonjwa, tafiti nyingi, nyingi zake za China, zimepima GOLPH3 kwenye vinyama vilivyokatwa siku za nyuma na kukuta kuwa waliokuwa nayo nyingi walielekea kufanya vibaya zaidi. Lakini kila maabara imekuwa na kingamwili yake na mstari wake wa kusema hii ni nyingi na hii ni kidogo. Wewe unajua maana ya kipimo kisicho na viwango. Na kupata jibu ambalo halibadilishi matibabu ni kumwongezea mgonjwa hofu na gharama.

Dawa ya kuizuia GOLPH3 ni ngumu kwa sababu mbili. Vimeng'enya vina shimo ambalo kidonge kinaweza kuliziba. Protini ya kushika ina uso tu, na uso hauzibiki kirahisi. Halafu kila seli ya mwili inaitumia, ya kongosho inayotoa insulini na ya utumbo inayotoa ute. Dawa ya mTOR ipo, evarolimasi, ndugu wa rapamaisini, na tangu mwaka 2012 hutumika Marekani kwa aina fulani ya saratani ya titi iliyosambaa, yenye vipokezi vya homoni na isiyo na wingi wa HER2, kipokezi kingine cha amri za kukua. Lakini anayepewa hachaguliwi kwa GOLPH3.

Jirani wa kufunga, nadhani habari ilimfikia hivi. Kuna kimeng'enya kiitwacho SAC1 kinachovunja PI4P. Seli ikinyimwa vichochezi vya ukuaji, SAC1 huhamia Golgi, PI4P inapungua, GOLPH3 inakosa pa kushika na usafirishaji unapoa. Ni kweli, imeonekana maabara. Lakini kilichoondolewa kwenye sahani ni seramu yenye vichochezi, si ugali. Mwili wa mtu aliyefunga hauachi kuzalisha vichochezi hivyo kwa namna ile, na mgonjwa aliye kwenye kemo akipungua uzito huishia kuahirishiwa dripu. Mama mdogo ale: mayai, maharage, samaki, uji wenye karanga, kidogo kidogo mara nyingi kama kichefuchefu kinamsumbua. Akitaka kufunga kwa ibada, azungumze kwanza na daktari wake.

Kwa faida ya masomo yako, GOLPH3 si njia pekee ya Golgi kuingia kwenye ugonjwa, na mara nyingi njia hizo ni za kurithi. Jeni ya ATP2C1, inayotengeneza pampu ya kalsiamu ya Golgi, ikiharibika ngozi ya shingoni na makwapani hutoka malengelenge yanayorudi kila mara, ugonjwa wa Hailey-Hailey. Jeni ya TRIP11, yenye kutengeneza kamba ya kudakia vifuko, ikikosekana kabisa mifupa ya kichanga tumboni haijengeki. Soma hizo mbili, mtihani unazipenda.

Mkirudi kliniki, ulizeni majibu ya vipimo ambavyo vinabadilisha matibabu kweli: vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na HER2. Ulizeni pia kama moyo wake ulipimwa kwa ultrasaundi kabla ya dawa nyekundu, kwa sababu doksorubisini inaweza kuuchosha moyo na jumla ya dozi zake maishani huwekewa ukomo. Na mwambie mapema, asije akashtuka chooni usiku: baada ya dripu mkojo unaweza kutoka mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa. Ukiendelea zaidi ya hapo aripoti, na homa ikifika 38 asisubiri kuche, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.